Papa na Kuvumwani
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya maendeleo. Nitalinganisha viumbe wawili wa nchi za baridi ambao kwa sura hawafanani hata kidogo.

Wa kwanza ni papa wa Greenland, akaaye katika vilindi vya bahari ya kaskazini. Kwa mwaka hurefuka kiasi cha sentimeta 1 tu. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima papa majike 28 kwa kaboni iliyomo katika kiini cha lenzi ya jicho, sehemu inayoumbika kabla papa hajazaliwa. Mkubwa wao, mwenye urefu wa mita 5, alikadiriwa kuwa na miaka 392. Makisio ya chini kabisa ni 272. Jike hukomaa akiwa na miaka 150 hivi.

Wa pili ni kuvumwani ya ramani, iotayo juu ya mawe. Jina lajieleza: ni kuvu na mwani walioungana. Kuvu hutoa makao, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Kwa mwaka haifikishi milimita 1. Mtaalamu Roland Beschel alitumia upana wake kukadiria ni lini barafu iliondoka juu ya jiwe. Mwaka 2005 ilipelekwa angani, ikakaa nje ya chombo wiki mbili, ikarudi hai.

Mmoja huishi gizani na hutembea. Mwingine hutaka mwanga na habanduki. Lakini wote wawili hawaharakishwi. Zamani papa huyu aliwindwa kwa mafuta ya ini. Siku hizi hunaswa katika nyavu zilizokusudiwa samaki wengine. Jike anayenaswa akiwa na miaka 140 huenda hajazaa hata mara moja.

Methali yasema haba na haba hujaza kibaba. Haisemi kibaba kikipinduliwa kitajaa tena lini.

Vijana, siwaambii mwende polepole. Mitihani haingoji mtu. Lakini kesho ninyi ndio mtakaotia sahihi vibali vya kukata msitu na kuvua bahari. Sisi wa serikalini tumezoea kupanga kwa miaka mitano. Kabla ya kushika kalamu, ulizeni: kitu hiki kilichukua miaka mingapi kufika hapa? Jibu likizidi umri wenu, iwekeni kalamu chini kwanza, mfikiri.