Afisa wa Watoto Akipiga Hodi

 

Tukizungumza juu ya afya ya mtoto, mara nyingi tunataja chanjo, maziwa ya mama, maji safi na chandarua. Leo tutazungumza juu ya usalama wa mtoto ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hasa juu ya mgeni ambaye wazazi wengi humwogopa. Mgeni huyo ni afisa wa watoto.

Ukiambiwa kwamba afisa wa watoto yuko njiani kuja kwako, utafikiri nini? Wengi hufikiri amekuja kumchukua mtoto. Basi mama mmoja hufunga mlango, mwingine humkimbiza mtoto kwa jirani, na mwingine humfundisha mtoto maneno ya kusema. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni afadhali ujue anachokuja kutafuta, ili woga usikufanye ufiche jambo ambalo lingemwokoa mtoto wako.

Afisa huyu ni nani?

Afisa wa watoto ni mfanyakazi wa serikali, wa Idara ya Huduma za Watoto. Hafanyi kazi peke yake. Husaidiana na watu wa kujitolea wa kulinda watoto pale mtaani au kijijini, pamoja na chifu, mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii na polisi. Sheria inayomwongoza ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001. Na juu ya sheria hiyo kuna Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya kulindwa asiteswe wala kutelekezwa, na kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo ya kutangulizwa.

Mara nyingi afisa huja kwa sababu kuna mtu ametoa habari. Huenda ni mwalimu aliyeona alama mwilini, muuguzi wa zahanati, jirani aliyesikia kilio usiku, au mtoto mwenyewe. Habari hiyo bado si hukumu. Afisa anakuja kujionea na kusikiliza.

Swali lake la kwanza

Kabla ya mengine yote, afisa hujiuliza: Je, mtoto huyu yuko hatarini sasa hivi? Akilala hapa leo usiku, ataamka salama? Kama mtoto ameumia, kwanza hupelekwa hospitali. Kama anayemuumiza yuko ndani ya nyumba ile ile, na hakuna mtu mzima wa kumzuia, jambo hilo haliwezi kungoja kesho.

Kisha hutaka kumwona mtoto kwa macho yake. Kuambiwa kwamba amelala au ameenda kwa nyanya yake hakutoshi. Pia huenda akaomba kuzungumza naye kando, au akamtembelea shuleni. Mama, usione hili kama dharau. Mtoto hawezi kusema ukweli mbele ya mtu anayemtisha. Afisa aliyefunzwa vizuri huketi chini, alingane na mtoto, na kumwambia, "Niambie, nyumbani kukoje?" Hamtilii maneno kinywani. Na mtoto aliyefundishwa la kusema mara nyingine husema maneno ya watu wazima, na ukimuuliza tena husema yale yale.

Anachotazama

Kwanza hutazama mwili. Mtoto anayekimbia na kucheza huumia goti, ugoko na paji la uso. Hayo ni ya kawaida. Lakini alama za kuvilia damu masikioni, shingoni, mgongoni, mapajani au makalioni zinahitaji maelezo. Mtoto mchanga ambaye hajaanza hata kujigeuza hapati alama hizo kwa kucheza. Akiwa nazo, ni lazima aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Maji moto yakimwagika kwa ajali, huacha alama zilizotapakaa. Mkono ulioungua pande zote hadi mstari mmoja, kana kwamba umevishwa glavu, huuliza swali jingine. Afisa pia husikiliza kama maelezo ya leo yanafanana na ya jana, na kama mtoto alipelekwa hospitali mara alipoumia au baada ya siku nyingi.

Pili, hutazama malezi ya kila siku. Ataomba kuona kile kitabu cha kliniki ajue kama uzito unaongezeka na chanjo zimetimia. Atauliza mtoto alikula nini jana, anaenda shule siku ngapi kwa wiki, na analala wapi na nani. Kama kuna mtoto mwenye ulemavu, atataka kumwona naye. Asiambiwe tu kwamba yuko chumba cha nyuma.

Tatu, hutazama nyumba yenyewe. Mafuta taa yamewekwa kwenye chupa ya soda? Sumu ya panya iko wapi? Ndoo ya maji ina kifuniko? Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo. Je, jiko la makaa huachwa likiwaka usiku na mlango umefungwa? Moshi wake usioonekana huua watu usingizini.

Nne, na hapa ndipo penye uzito zaidi, hutazama watu. Nani anaishi hapa? Nani huingia na kutoka? Kuna ulevi? Watu wazima hupigana? Mama akienda kibaruani, nani hubaki na watoto? Na wewe mama mwenyewe, unalala? Una mtu wa kukusaidia? Akikuuliza kama mumeo anakupiga, hakuulizi kwa udaku. Mahali ambapo mama hupigwa, mara nyingi mtoto naye hayuko salama. Na mama ambaye moyo wake umelemewa baada ya kujifungua anahitaji matibabu kama mgonjwa yeyote.

Nyumba mbili

Sasa tuchukue mfano. Fikiria nyumba mbili katika mtaa mmoja.

Ya kwanza ni chumba kimoja cha mabati. Mama hufua nguo za watu. Watoto ni watatu, na wote hulala kwenye godoro moja. Jana walikula ugali na sukuma wiki, asubuhi walikunywa uji bila maziwa. Kitabu cha kliniki kimechakaa, lakini chanjo zote zimeandikwa. Mama akirudi, mdogo anamkimbilia. Tatizo ni moja. Siku za kazi, watoto hubaki na dada yao wa miaka minane, na jiko huwa limewashwa.

Ya pili ni nyumba ya mawe, yenye lango na televisheni. Chakula kipo, na karo imelipwa. Lakini mvulana wa miaka sita ana alama za waya mgongoni. Baba mlezi akiingia, mtoto hunyamaza na kutazama sakafu. Mama yake anasema, "Aliteleza bafuni," na wiki iliyopita alimwambia mwalimu kwamba alianguka kwenye mti.

Ni mtoto yupi aliye hatarini zaidi? Majirani wengi wangeshtaki nyumba ya mabati. Afisa anayejua kazi yake atakaa zaidi katika nyumba ya mawe.

Afisa hupima mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni uzito wa hatari yenyewe, na kama inarudiwa. La pili ni uwezo wa mtoto kujikinga. Mtoto mchanga, au asiyeweza kusema, hawezi kukimbia wala kuita. La tatu ni kama kuna mtu mzima nyumbani anayeweza na aliye tayari kumlinda. Katika chumba cha mabati, mama yupo na anataka. Anachokosa ni mahali pa kuacha watoto. Katika nyumba ya mawe, yule wa kulinda anamficha anayeumiza.

Kwa hiyo sikia vizuri, mama: umaskini peke yake si sababu ya kumtenga mtoto na mzazi wake. Hata mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi ya watoto, uliopitishwa mwaka 2009, unasema hivyo. Umaskini ni ishara kwamba familia inahitaji msaada.

Afisa huamua nini?

Mara nyingi mtoto hubaki nyumbani, na mnaafikiana juu ya mambo ya kubadilisha. Kwa yule mama wa kufua nguo, mpango unaweza kuwa hivi: jirani fulani atabaki na watoto siku za kazi, jiko litazimwa kabla mama hajatoka, na mhudumu wa afya ya jamii atapita kuona mambo yanakwendaje. Ni mpango wa watu wanaojulikana na siku zinazojulikana. Kumwambia tu mama "jitahidi" hakumlindi mtoto.

Kuna nyakati mtoto hawezi kubaki, na sitakuficha hilo. Hapo hutafutwa kwanza ndugu wa kuaminika, kama nyanya, shangazi au mjomba. Makao ya watoto ni njia ya mwisho. Jambo hilo hufikishwa mahakamani, na mzazi ana haki ya kusikizwa. Nyakati nyingine anayeumiza ndiye anayeondoka, na mtoto akabaki na mama yake. Mama aliyesema ukweli mapema humsaidia sana mtoto wake kubaki karibu naye.

Wewe ufanye nini?

Afisa akifika, mwombe kitambulisho na jina la ofisi yake. Ni haki yako. Kisha mkaribishe. Lete kitabu cha kliniki. Eleza ukweli, hata ule unaokuaibisha. Kama hujaelewa jambo, uliza. Akimaliza, muulize, "Unataka nibadilishe nini, na utarudi lini?" Huhitaji kumpa pesa ili aandike mazuri.

Mweleze pia shida zako. Kama baba wa mtoto amejitenga na hatoi matumizi, sema. Katiba inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Afisa anaweza kumwita baba huyo mkae na kuandikiana makubaliano.

Wala usingoje kutembelewa. Unaweza kwenda mwenyewe katika ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako. Unaweza pia kupiga simu nambari 116, mchana au usiku, bila malipo. Hata mtoto anaweza kuipiga. Mfundishe nambari hiyo kama unavyomfundisha jina lake.

Na tuseme juu ya fimbo. Wengi wetu tulichapwa. Lakini Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza adhabu ya viboko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 uliuliza vijana wa miaka 18 hadi 24. Karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walisema waliteswa kwa namna fulani kabla ya kufika miaka 18. Si mateso ya nyumba chache, basi. Ukiona hasira imepanda, mweke mtoto mahali salama, toka nje, unywe maji, urudi umetulia.

Jambo la mwisho ni zito. Mtoto akikuambia kwamba mtu amemchezea mwili au amemnajisi, mwamini. Usimwogeshe. Mpeleke hospitali upesi, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima ianzwe kabla saa 72 hazijapita. Nguo alizovaa zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, uende nazo. Kisha piga ripoti polisi. Wazee wakikuambia mmalize nyumbani kwa mbuzi au pesa, kataa, hata kama aliyetenda ni ndugu wa damu. Kumnajisi mtoto ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2006, na mbuzi hamponyi mtoto.

Mambo ya kukumbuka

Afisa huuliza: mtoto yuko salama, na nani anamlinda?
Umaskini si kosa. Kuficha anayeumiza mtoto ni hatari.
Muache mtoto azungumze mwenyewe.
Nambari ya msaada ni 116, bila malipo.

Leo jioni, kabla ya kulala, zunguka nyumba yako ukiwa na macho ya afisa. Tazama chupa ya mafuta taa, ndoo na jiko. Tazama pia nani analala karibu na nani. Kisha mketishe mtoto karibu nawe umuulize, "Kuna mtu yeyote anayekuogopesha?" Halafu unyamaze umsikilize hadi amalize.