Hewa ya chumba cha meno

Msikilizaji, tuitazame leo mashine inayovuma mdomoni daktari anapotoboa jino. Huzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, na maji yanayoipoza huchanganyika na mate na damu, kisha hurushwa hewani kama ukungu. Matone makubwa huanguka upesi. Yale madogo kabisa hubaki yakielea, na mgonjwa anayefuata huingia humo humo.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri huduma za meno zisizo za lazima ziahirishwe pale UVIKO-19 ilipokuwa ikisambaa. Lakini hata kifua kikuu husafiri kwa hewa, na hicho bado tunacho.

Kinga zipo. Kuna bomba lenye nguvu la kufyonza, linaloshikwa karibu kabisa na jino. Kuna mpira mwembamba unaotandazwa kulitenga jino na mate. Na kuna dirisha lililo wazi, ambalo halihitaji zabuni wala fundi. Kulifunga ili kiyoyozi kizungushe hewa ile ile, kwangu mimi, hakukubaliki.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Pampu ya bomba hilo la kufyonza ni ghali, na kusubiri hewa isafishike kati ya mgonjwa na mgonjwa hurefusha foleni. Bei ikipanda, mwenye maumivu atavumilia nyumbani hadi shavu livimbe.

Basi gharama ya hewa safi aibebe nani: mgonjwa, mwenye kliniki, au serikali?