Mchezo ni wa nani? Diski, kupakua, na kile tulicholipa

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa kartie, Goma



Kuko wenye watashangaa: "Si ndio hawa wanaongeaka juu ya maji, kuran na usalama? Sasa wamekuja kuongea PlayStation?" Ndiyo, tumekuja kuongea PlayStation. Sababu ndani ya ile mashini kuko swali moja ambalo ni letu sote: kitu ulicholipa ni chako, ao ni cha mtu mwingine mwenye anaweza kukikamata siku yoyote?

Tuanze na kile munajua. Diski ni kitu cha kushika mkononi. Unainunua Birere, unacheza, ukichoka unamupatia rafiki, yeye anakupatia yake. Ama unaiuza, unaongeza franka kidogo, unachukua ingine. Diski moja inalisha avenue nzima. Hakuna mtu anakuuliza jina, wala inchi, wala karti ya benki.

Mchezo wa kupakua ni njia ingine. Unalipa, unashusha kwa intaneti, unaingia kwenye mashini. Ni vizuri: hakuna kukwaruzika, hakuna vumbi la mawe yetu meusi, hakuna kungoja mtu atoke Kampala ao Dubai. Hatukatae hayo. Lakini tuhesabu pamoja.

Michezo mingi mikubwa inafika giga 50, mingine inapita 100. Kama rezo inatembea megabiti 4 kwa sekunde bila kukatika hata mara moja, giga 50 zinaomba karibu masaa 28. Nani hapa ameona kuran ya masaa 28 bila kukatika, na rezo ya masaa 28 bila kulala? Na zile mega, nani atazilipa? Mu mwaka 2020 walituletea RAM, ile makato ya telefone yenye ilikuwa inakula unité zetu. Wanainchi walipiga kelele paka ikaondolewa mu 2022. Tunaikumbusha juu mujue: bei ya kuingia kwenye intaneti si mvua inayotoka mbinguni. Watu wanaipanga, na watu wanaweza kuipangua.

Kisha bei, kuko mulango. Congo haiko kwenye liste ya inchi zenye PlayStation Network inahudumia. Ndiyo maana ukifungua akaunti unajiandika kama mukaaji wa Ufaransa ao wa Marekani. Unaanza kwa kusema uongo, na mwenye duka akitaka kukufungia, ana sababu tayari. Karti ya benki ya hapa haikubaliwi, unatafuta mutu wa kukuuzia kodi. Na mwishoni mwa Januari 2025, wakati vita viliingia mu muji, hata benki zenyewe zilifunga milango, miezi na miezi. Mwenye alikuwa na diski kwenye kabati aliendelea kuwa nayo.

Sasa sikilizeni mambo ya akaunti za kuuziana. Mmoja wetu alikusanya feza miezi mitatu, akanunua akaunti yenye michezo kumi. Alifurahi wiki sita. Siku moja akawasha, akakuta mot de passe imebadilishwa. Muuzaji alikuwa ameuzia watu wengine ile ile. Hakuna polisi wa kuendea, hakuna resi, hakuna kitu. Diski ikiibiwa, unajua kimeibiwa nini. Yeye hata hakujua aseme amepoteza nini.

Kuko na jambo lingine lenye wauzaji hawasemake. Mchezo uliopakuliwa unafunguka bila intaneti kwenye mashini ile tu imeandikwa kama mashini kuu ya ile akaunti. Kwenye mashini zingine, kila mara inaomba ruhusa kwa intaneti. Munakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi? Walikata intaneti inchi nzima, karibu siku 20. Siku kama zile, mchezo ulioulipa unakuwa picha tu kwenye tivi.

Musifikiri ni shida ya Goma peke yake. Mu Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la intaneti la mashini zake 3DS na Wii U. Mu Julai 2024 Microsoft ikafunga la Xbox 360. Mu Septemba 2023, EA iliondoa FIFA za zamani kwenye maduka ya intaneti. Ile FIFA 18 yenye tunachezaka mpaka leo, huwezi tena kuipakua kwa kuinunua. Ila diski yake bado inazunguka mu muji, na bado inafanya kazi. Na mu California sheria imeanza tarehe 1 Januari 2025: duka linapaswa kumwambia munuzi wazi kama anachopewa ni ruhusa ya kutumia, si mali.

Lakini tuseme ukweli wote: diski nayo si malaika. Kuko diski zenye hazina mchezo kamili ndani, ni ufunguo tu. Mchezo The Crew ulizimwa na Ubisoft tarehe 31 Machi 2024, na wenye diski walibaki na plastiki. Wachezaji walikataa kunyamaza. Mu Ulaya walianzisha kampeni, na mu 2025 saini zilipita milioni moja. Watu wa kucheza tu, munaona? Walijipanga.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, mbele ya kununua mashini, angalia kama iko na pahali pa kuingizia diski. Zile zisizo nayo ni bei nafuu leo, lakini kesho umefungwa kwa duka moja.

Pili, wewe unayeuza akaunti, sema ukweli: ni mashini kuu ao hapana, watu wangapi wanaitumia. Vijana wenzako si mashamba ya kuvuna.

Tatu, kila kartie ianzishe sanduku la diski. Watu kumi, diski kumi, daftari moja la kuandika nani amebeba nini. Haiombi benki wala rezo.

Nne, na hii ni kwa wakubwa: intaneti isikatwe tena kwa sababu za siasa, na bei ya mega iangaliwe na wale wanaolipwa kuiangalia. Mwenye anazima intaneti hazimi mchezo tu. Anazima mwanafunzi, muuzaji, na mama anayengoja habari za mtoto wake.

Hatuwaambie muache kupakua. Tunawaambia muulize, kila mara munapotoa feza: hiki ni changu, ao nimeazimwa? Kijana mwenye anazoea kuuliza hivyo kwa mchezo, atauliza pia kwa maji, kwa kuran, kwa udongo wake.