Maua ya Nyumbani Bumbire: Tupande Yapi?



Tunaulizwa kwa nini tuzungumzie maua kisiwani Bumbire, ambako watu wanaishi kwa dagaa na sangara. Ni swali la haki. Gugumaji, lenye ua zuri la zambarau, lililetwa Afrika kutoka Amerika Kusini kama pambo. Likashuka na Mto Kagera, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana ziwani. Miaka ya 1990 mitumbwi ilikwama ndani yake. Wavuvi wetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Basi tuanze na mimea tunayoifahamu: mrehani mlangoni kwa harufu yake, na mulamula, ambao Wahaya hupanda mipakani mwa kibanja tangu zamani. Mchaichai hauhitaji kununuliwa mbegu. Omba shina kwa jirani, ligawanye, weka samadi, tandaza nyasi, mwagia maji yaliyooshea mboga.

Lantana tuikatae, hata ikipendeza. Ndege husambaza mbegu zake, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi.

Na mtu akileta ua geni kutoka Bukoba au Mwanza, kamati imuulize kwanza linazaana vipi. Mabaki ya bustani yachimbiwe shimo, yasitupwe ziwani.