NYUMBA YA SAFARI YA MAFUNDI WA SIMU
(Maneno ya hotuba waliyosomewa vijana wachongao mifano, Nairobi)



Mmeniuliza jinsi ya kutengeneza mfano mdogo wa nyumba ya kuhamishika, kama ile waliyoihitaji mafundi wa simu zamani. Nendeni kwanza Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo limo behewa namba 12. Halikuwa la mafundi wa simu, bali la maofisa. Lakini litawaonyesha jinsi nyumba ya safari ilivyokuwa zama zile.

Reli ile ya zamani ina upana wa mita 1. Mkishika kipimo cha 1 kwa 20, reli yenu itakuwa na upana wa sentimeta 5, na mtu wa sentimeta 170 atakuwa sentimeta 8 na nusu. Mchongeni mtu huyo kabla ya ukuta wowote. Nimeona nyumba nyingi za kupendeza ambazo mwenyewe hawezi kupita mlangoni!

Simu ile haikuchukua sauti. Fundi aligonga alama fupi na ndefu, na mwenziwe aliye mbali akazisoma. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, ikapanda magharibi kupita Kikuyu hata Kisumu mwaka 1901, na nyaya ziliandamana nayo. Twiga walizikata kwa shingo zao. Wanandi nao, waliopigania nchi yao hata mwaka 1905, walizitwaa wakazifanya mapambo. Kila waya ulipokatika, ilibidi watu waende wakautengeneze, na pengine walale huko huko porini.

Walilala ndani ya nini? Hapo ndipo penye neno langu. Ofisa alikuwa na behewa la mbao. Vibarua, Wahindi na Waafrika, wengi wao walikuwa na hema tu. Mwaka 1898, huko Tsavo, simba waliwakokota watu kutoka katika hema hizo. Mfano wenye behewa peke yake umewasahau hao. Basi wekeni na hema kando yake, kwa kipimo kile kile.

Wala msidhani mbao zilikuwa ngome. Mwezi Juni 1900, pale Kima, simba aliingia katika behewa hilo hilo namba 12, akamwua Bwana Ryall, ofisa wa polisi, akatoka naye dirishani. Kwa hiyo dirisha lichongeni likiwa wazi, msilipake rangi tu.

Mwisho, waya. Waya wa unene wa milimita 4 kwa kipimo chenu ni sehemu ya tano ya milimita moja. Mkitumia uzi wa kushonea viatu, utaonekana kama kamba ya jahazi. Unywele wa mkia wa ng'ombe utafaa, nao hauna bei; waulizeni wachinjaji wa Dagoretti.