Uwakili Mwaminifu Kando ya Ziwa

Mtu akisimama Milimani, katika mji wa Kisumu, huliona ziwa limetandaa chini yake. Jumapili asubuhi watu wa mtaa huo huenda ibada wakiwa na bahasha za sadaka, na neno uwakili likitajwa kanisani wengi hukumbuka bahasha hiyo. Lakini wakili anayesimuliwa katika Injili ya Luka hakusifiwa kwa sadaka. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa nyumba ya bwana wake, pamoja na watumishi na posho yao, akatazamiwa kutoa hesabu ya yote.

Nchi hii ya kando ya ziwa ina habari yake juu ya jambo hilo. Mwezi wa Desemba 1921 watu wengi walikutana Lundha, katika Gem, wakiongozwa na vijana waliosoma Maseno, miongoni mwao mwalimu Jonathan Okwiri. Walilalamikia kodi ya vibanda, kipande na kazi za lazima, tena waliogopa kunyang'anywa ardhi, kwa maana mwaka 1920 nchi ilikuwa imegeuzwa kuwa koloni. Harakati yao iliitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwaka 1923 chama chao kilipewa umbo jipya, kikaitwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Rais wake akawa Arkidikoni W. E. Owen, msimamizi wa makanisa ya misheni ya C.M.S. katika sehemu hizo.

Wanachama waliweka ahadi za ajabu kidogo: kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti, kutochafua chemchemi. Mtu aweza kucheka. Lakini panya hubeba viroboto wa tauni, na tauni si mgeni katika Kisumu ya zamani. Aliyeua panya katika ghala yake alimlinda mtoto wa jirani asiyemjua hata jina. Na chemchemi je? Anayeteka maji alfajiri huyakuta safi. Akiwaachia ng'ombe wake wakanyage humo, ni mwanamke wa mwisho, aliyetoka mbali na mtungi kichwani, atakayebeba tope nyumbani. Hakuna askari wa kumkamata mtu huyo wa alfajiri, wala hakuna amwonaye. Hapo ndipo uaminifu wake hupimwa, kuliko mbele ya madhabahu.

Walikuwako waliosema kwamba Owen aliwapumbaza watu: walidai ardhi, wakapewa panya. Neno hilo lina uzito, wala si haki kulipuuza. Hati za ardhi walizoziomba hawakuzipata, na ukali wa mwanzo wa chama ulipoa. Hata hivyo Owen mwenyewe hakunyamaza. Aliandika barua nyingi, nyingine kwa gazeti la Manchester Guardian la Uingereza, akishutumu kazi za lazima, hata za wanawake na watoto barabarani. Walowezi walichukizwa, wakakipotoa cheo chake cha Kiingereza, Archdeacon, wakamwita Archdemon, yaani mkuu wa pepo wabaya. (Lakabu ya namna hiyo huenda ni heshima kuliko nishani.) Alifariki mwaka 1945.

Basi choo na barua vilikuwa kazi ya wakili mmoja. Atunzaye chemchemi ya kijiji ana haki ya kumwuliza mkubwa aliyekabidhiwa nchi nzima, naye aulizaye habari za nchi nzima hana ruhusa ya kuichafua chemchemi. Kosa la wengi ni kushika upande mmoja, wakauona mwingine kuwa kazi ya watu wadogo au ya wanasiasa.

Siku hizi chemchemi ya mji ni ziwa lenyewe. Tangu miaka ya 1990 gugumaji limesumbua Ghuba ya Winam, nalo hustawi kwa mbolea inayosombwa kutoka mashambani na kwa maji machafu ya miji. Siku linapoziba ufuko wa Dunga, mtumbwi haupiti, na mvuvi hurudi nyumbani bila samaki. Mwenye nyumba Milimani aweza kutoa zaka yake yote, senti kwa senti, na shimo lake la maji machafu likawa limejaa tangu mwaka jana. Masika yakianza, maji hayo hutelemka usiku kuelekea ziwani, na alfajiri mvuvi huja kusukuma mtumbwi wake.