Kunguni, Mbu na Mende Msimu wa Kaskazi: Nyumba Isafishwe, Isitiwe Sumu

ELIMU KWA UMMA

Yafuatayo ni mazungumzo ya Idara ya Afya yaliyoandaliwa kwa ajili ya kusomwa katika mikutano ya hadhara ya vijiji na vitongoji kipindi hiki cha joto.



Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma katika ukanda wa Pwani, joto huwa kali mchana na usiku. Joto hilo humchosha binadamu, lakini kwa wadudu wa nyumbani ndiyo neema. Yai la inzi ambalo katika baridi lingechukua wiki kadhaa kuwa inzi kamili, wakati wa joto humaliza safari hiyo kwa siku saba hadi kumi. Mbu naye huwa hivyo hivyo, na kunguni huongezeka maradufu. Ndiyo maana malalamiko ya wadudu hufika ofisi za kata kwa wingi katika miezi hii.

Mazungumzo haya yanahusu mambo mawili: namna ya kuwazuia wadudu hao, na namna ambavyo baadhi ya watu, kwa nia njema kabisa, huwaletea wanao na majirani zao hatari kubwa kuliko wadudu wenyewe.

Kunguni na aibu yake

Kunguni hajathibitika kumwambukiza binadamu ugonjwa wowote. Madhara yake ni kukosa usingizi, mwasho, na vidonda vya kujikuna ambavyo huweza kuingiwa na vijidudu. Hata hivyo, hakuna mdudu anayefichwa kuliko yeye. Mwenye kunguni huona haya, kwa kuwa jamii imezoea kumhesabu kuwa mchafu. Dhana hiyo si sahihi. Kunguni hafuati uchafu. Hufuata damu na joto la mwili. Huingia nyumba safi na nyumba chafu kwa njia zile zile: tranka la mwanafunzi anayerudi kutoka bwenini, begi la msafiri, kitanda au kochi lililonunuliwa likiwa limetumika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jambo hili usemi huo una maana ya moja kwa moja. Aibu huzaa siri, na siri humpeleka mtu kununua sumu kwa mchuuzi, katika chupa isiyo na lebo, akaitia chumbani usiku bila kumwambia yeyote.

Sumu ya shambani haina kazi chumbani

Viuatilifu vilivyotengenezwa kwa ajili ya pamba, korosho au mboga vimekadiriwa kwa shamba la wazi lenye upepo. Vikipuliziwa kwenye godoro, mtoto hulala juu yake kwa saa nane, huku ngozi na pumzi yake vikipokea sumu hiyo usiku kucha. Zaidi ya hayo, kunguni wa sehemu nyingi duniani wamekwisha kuwa sugu kwa baadhi ya dawa hizo. Kwa hiyo mtoto hudhurika, na kunguni hubaki.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni vidonge vya fosfidi ya alumini, ambavyo hutumika kufukiza nafaka ghalani. Vikikutana na unyevu wa hewa, hutoa gesi ya fosfini, na hewa ya Pwani haikosi unyevu. Gesi hiyo haina dawa mahususi ya kuiondoa mwilini mtu akishaivuta. Vidonge hivyo vimekwisha kuua familia katika nchi mbalimbali, na mara nyingi waliokufa si waliovitumia, bali majirani wa chumba cha pili.

Mwananchi na aiangalie nyumba ya Kiswahili ilivyojengwa: korido katikati, vyumba huku na huku, na kuta za ndani ambazo mara nyingi huishia chini ya paa pasipo dari. Sauti ya redio ya chumba cha kwanza husikika chumba cha sita. Gesi nayo hupita njia hiyo hiyo. Mpangaji anayefukiza chumba chake kisha akaenda kulala kwa ndugu yake amewaachia kifo wapangaji wenzake wasio na habari.

Kwa sababu hiyo, Idara inasisitiza mambo matatu. Kwanza, dawa yoyote ya wadudu inunuliwe duka lenye kibali, ikiwa katika chombo chake cha asili, na lebo yake ionyeshe kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kwa matumizi ya nyumbani. Pili, sumu isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi, hunywa. Tatu, vidonge vya ghalani visiingizwe ndani ya nyumba wanamolala watu, kwa idadi yoyote ile.

Ikitokea mtu amedhurika, dalili huweza kuwa kutokwa jasho na mate kwa wingi, kutapika, kuumwa kichwa, mboni za macho kuwa ndogo, au kupumua kwa shida. Atolewe kwenye hewa safi, avuliwe nguo zilizoingia sumu, na ngozi yake ioshwe kwa maji na sabuni. Asilazimishwe kutapika wala asinyweshwe maziwa. Imani kwamba maziwa huondoa sumu imewachelewesha wengi. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na chombo cha sumu hiyo kipelekwe pamoja naye ili mganga ajue anachokitibu.

Njia inayofaa

Kunguni huondolewa kwa maji ya moto na subira. Shuka, foronya, chandarua na nguo vifuliwe kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Chaga na matendegu ya kitanda vifunguliwe, vitolewe uani, na vimwagiwe maji yanayochemka, hasa kwenye maungio na matundu ya misumari. Kuanika godoro juani husaidia, lakini peke yake hakutoshi, kwa kuwa kunguni huhamia upande wenye kivuli. Mishono ya godoro ikaguliwe na kusuguliwa kwa brashi, kisha godoro lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usio na tundu.

Kazi hii irudiwe kila baada ya siku saba hadi kumi, si chini ya mara tatu, kwa kuwa mayai yaliyosalimika mara ya kwanza huwa yameanguliwa. Wanaoacha baada ya mara ya kwanza ndio wanaosema kunguni hawamaliziki. Nyufa za ukuta nazo zizibwe kwa saruji au udongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kunguni ufa ndiyo nyumba yenyewe.

Katika nyumba ya wapangaji wengi, chumba kimoja kikisafishwa peke yake kunguni huhamia cha jirani, kisha hurudi. Hapa ndipo siri inapogharimu. Mwenye nyumba na wapangaji wakubaliane siku moja, vyumba vyote vitolewe vitu pamoja.

Mbu wa mchana

Msimu huu maji ya bomba hupungua, na kila kaya hulazimika kuweka akiba katika mapipa na ndoo. Akiba hiyo ndiyo mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ambayo wazee wa Pwani waliiita kidingapopo. Mlipuko wa mwaka 2014 na ule wa 2019 uliwapata watu wengi jijini Dar es Salaam. Mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku, ambacho ni lazima kwa ajili ya malaria, hakitoshi kumzuia.

Aedes hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi. Mara moja kila wiki, pipa lisuguliwe ndani kwa brashi, kisha lifunikwe kwa mfuniko au kitambaa kilichofungwa barabara. Vifuu, makopo na matairi yaondolewe uani au yatobolewe. Wanaoweka miguu ya kitanda kwenye makopo ya maji ili kuzuia kunguni wakumbuke kubadili maji hayo kila wiki, wasije wakafuga mbu chini ya kitanda.

Mwenye homa ya ghafla, maumivu nyuma ya macho na ya viungo, apimwe kwanza malaria. Kabla ya kupimwa asimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zikiwa ni homa ya dengue huweza kuzidisha hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli ndiyo salama kwa kipimo chake.

Mende na inzi

Hawa hufuata chakula, maji na taka. Vyombo visilale bila kuoshwa, bomba linalovuja litengenezwe, na mashimo ya choo na ya majitaka yafunikwe. Gari la taka likichelewa, mabaki ya chakula yasirundikwe mlangoni. Yafukiwe shimoni na kufunikwa kwa udongo kila siku. Ucheleweshaji huo wenyewe uripotiwe kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa kuwa ni haki ya mwananchi kuuliza.

Ndugu wananchi, Afisa Afya wa Kata yupo kwa ajili ya kukagua na kushauri, na kumweleza kwamba nyumba ina kunguni si kujishtaki. Mpangaji atakayegonga mlango wa jirani leo na kusema, "Chumbani kwangu wameingia, je, kwako?" huenda akawa ameokoa maisha ya watoto wa nyumba nzima.